Gunia la Kurudi

Kovu lenyewe lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na balaa lote lilianzia hapo. Lingekuwa kovu la maana, refu, lenye nyuzi za kuhesabika, watu wangeshika adabu. Lakini Winchi alipovua shati pale ghalani, wiki ya tatu tangu atoke hospitali, kikosi kizima kilimzunguka, wakainama, wakatafuta, mpaka mmoja akauliza, "Sasa liko wapi?"

"Hapo chini. Karibu na mkanda."

"Hapa? Hapa si umeumwa na mbu?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Winchi naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, anajipigapiga kiuno kuonyesha kiko imara. Ambaye hakucheka ni Kiberiti peke yake. Alikuwa amekaa juu ya bodi la lori, miguu inaning'inia, anakwangua kucha. Yeye alikuwepo siku daktari anaeleza, na alichoeleza daktari hakikuwa cha mbu.

Hawa wawili walikuwa mashemeji. Winchi alimuoa dada yake Kiberiti, halafu akamtafutia Kiberiti kazi pale ghala la mahindi, na tangu hapo ni miaka kumi na moja wanafanya kazi kama mkono wa kulia na wa kushoto. Winchi mbebaji, jitu la watu, jina alipewa siku alipopanda ubao wa kupandia lundo akiwa na magunia mawili kwa mpigo kwa sababu tu mtu alimwambia hawezi. Kiberiti mtwikaji. Mwembamba hivi, kichwa kikubwa kidogo, jina lilijileta lenyewe.

Kazi ya mtwikaji iko hivi. Lori likishasogezwa kinyumenyume, bodi linakuja usawa wa mabega ya mbebaji. Mtwikaji yuko juu, anaburuta gunia mpaka ukingoni. Mbebaji yuko chini, amegeuza mgongo, ameinama kidogo, mikono nyuma ya kichwa, anasubiri. Haoni kitu. Na kwa kuwa haoni, kuna sheria moja haijaandikwa popote lakini hakuna mtu ghalani asiyeijua: kabla hujaachia gunia, unataja uzito. "Hamsini." "Tisini." Neno moja tu, basi. Mbebaji akisikia hamsini anajikaza kihamsini. Akisikia tisini anajikaza kitisini, mapaja, kiuno, shingo, kila kitu kinajifunga. Ndipo gunia linashuka. Zamani alikuwepo mtwikaji mmoja mpenda utani, akataja hamsini gunia likiwa la tisini. Yule mbebaji alipona, lakini hakuna mtu aliyempa mtani mgongo wake tena. Alisimama juu ya lori siku nzima wenzake wanapishana kwenda kwa mtwikaji mwingine. Siku ya tatu hakurudi.

Kiberiti alikuwa hajawahi kutaja uongo. Hata mara moja.

Basi. Maumivu ya Winchi yalianza kama mwiba kwenye kalio. Akasema ni uchovu. Yakashuka pajani, yakazunguka goti, yakafika mpaka kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na hapo yakabadilika yakawa umeme, yaani akikohoa tu mguu unapigwa shoti. Alitembea amelalia upande mmoja kama picha iliyoning'inizwa vibaya. Kula alikula amesimama. Akaenda hospitali, wakamwingiza kwenye lile bomba la mashine ya sumaku, picha zikatoka, daktari wa mgongo akaziweka kwenye taa akamwita Kiberiti naye aone.

"Hizi ni pingili," alisema daktari. Alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea polepole, mikono midogo kama ya mtoto wa shule. "Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto. Nje ganda gumu, ndani ute mzito. Huo mto ndio diski. Hapa ganda limepasuka, ute umetoka nje, umekalia mshipa wa fahamu wa mguu. Ndiyo huo umeme wako."

"Sasa unautoaje?" Winchi akauliza.

"Zamani ningekufungua mgongo. Siku hizi natoboa tundu, napitisha bomba jembamba, humo ndani naingiza kamera na kibanio kidogo. Naangalia kwenye skrini, nakinyofoa kile kipande, natoka. Leo unaingia, kesho unaenda kwako."

"Kwa hiyo unanichungulia kama tundu la ufunguo."

"Ndiyo. Ila nikishachungulia naiba."

Na ikawa hivyo hivyo. Winchi alizinduka kwenye nusu kaputi midomo imekauka, akaunyoosha mguu wa kushoto, akaukunja, akaunyoosha tena. Akamgeukia Kiberiti na machozi yamemjaa. "Shem," alisema, "umeme umekatika."

Kesho yake wakati wa kuruhusiwa, daktari alikaa kitandani kabisa, akamwangalia Winchi usoni. "Nisikilize. Tundu la nje nimelishona. Lile la ndani, kwenye ganda la diski, sijalishona kwa sababu halishoneki. Linajiziba lenyewe, taratibu. Likipata msukosuko kabla halijaziba, kilichobaki ndani kitatoka chote. Wiki sita usiiname, usijipinde, usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Na magunia uyaage. Tafuta kazi nyingine."

Winchi aliitikia kila sentensi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Walipofika kwenye korido akasema, "Wiki sita kwa kitundu hiki? Dada yako alitoboa masikio yote mawili na jioni akapika."

Ndivyo alivyofika ghalani wiki ya tatu, kusalimia tu kama alivyosema, na ndivyo alivyovua shati.

Sasa nyapara. Nyapara hakuwa mtu mbaya, hilo liwekwe wazi. Alisubiri kicheko kiishe, akamvuta Winchi pembeni, karibu na lori, kwa hiyo Kiberiti pale juu akasikia kila neno.

"Nafasi yako nimekushikia, bwana. Lakini kuna mtu kila asubuhi anasimama getini, ana mabega kama kabati. Wakubwa wanamwona. Wananiuliza mimi napungukiwa mtu kwa nini na mtu yupo."

"Mimi mzima, nyapara. Niangalie."

"Nakuona. Basi Jumatatu ubebe gunia la kurudi."

Gunia la kurudi ni hivi: mtu yeyote akikosa kazini zaidi ya siku kumi, iwe homa, iwe kifungo, iwe nini, akirudi anabeba kwanza gunia moja la tisini, toka lori mpaka juu ya lundo, kwenye ule ubao mwembamba, kikosi kizima kinaangalia. Ukifika juu, nafasi ni yako. Usipofika, unapewa ufagio. Si ukatili. Kuna mtu aliwahi kurudi kazini hajapona vizuri, akaanguka ubaoni na gunia lake, likamwangukia mwenzake aliyekuwa nyuma, likamvunja taya. Tangu siku hiyo kila anayerudi anapimwa.

"Jumatatu," Winchi akasema, akavaa shati lake.

Jumapili mchana Kiberiti alimkuta dada yake uani anafua. Alikuwa anakamua suruali kama anainyonga.

"Wewe ndiye unayemtwika," alisema bila kusalimia. "Usimtwike."

"Nisipomtwika mimi atamtwika mwingine, dada. Na mwingine hatakuwa na huruma."

"Basi mwambie akatae."

"Mwambie wewe. Mimi silali naye."

"Nimeongea mpaka koo limekauka. Nikifungua mdomo ananionyesha kile kikovu. Anasema, 'Mama watoto, angalia, kwani hiki ni kidonda?'" Akaitupa suruali kwenye kamba. "Daktari si alisema birika la chai?"

"Alisema."

"Gunia moja ni birika ngapi?"

Kiberiti hakujibu. Dada yake alimfuata karibu, mikono inachuruzika maji. Alimzidi miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni udogoni, na alikuwa na namna ya kumwangalia ambayo mpaka leo, mtu mzima na ndevu zake, ilimfanya anyooke. "Niahidi hataumia."

"Hataumia."

Alipotoka pale tayari alikuwa ameshapata wazo, na wazo lenyewe lilimpendeza mpaka akaongeza mwendo. Nyuma ya ghala kulikuwa na mashine ya kukoboa, na nyuma ya mashine kulikuwa na kilima cha pumba, hakina mwenyewe. Jumatatu alfajiri, kabla wenzake hawajafika, Kiberiti alichukua gunia safi lenye alama zilezile, akalijaza pumba akishindilia kwa mguu mpaka likanona. Akalishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, mishono ileile, uzi uleule, akalipaka vumbi la mahindi. Halikufika kilo thelathini. Si birika la chai, sawa, lakini si tisini. Akalipandisha kwenye lori la kwanza, akalilaza ukingoni kushoto pale anapopajua yeye. Halafu akanunua chai na mkate akala vyote, na ndiyo mara ya kwanza kwa siku kadhaa kusikia ladha ya chakula.

Alifikiria kumwambia Winchi. Alifikiria sana. Lakini Winchi alimjua. Winchi ni mtu ambaye gunia likitoboka njiani likamwaga vibaba viwili anamwambia nyapara hili halijatimia. Ukimwambia ni pumba, atasema mbele ya watu wote, leta tisini, mimi si mgonjwa. Bora asijue. Likishamgusa mgongoni atalihisi, atanielewa, atafunga mdomo, atapanda nalo. Hivyo ndivyo alivyopanga Kiberiti. Alifikiria macho ya nyapara, alifikiria mishono, alifikiria hata vumbi. Ile nusu sekunde kati ya neno na gunia hakuifikiria, kwa sababu miaka kumi na moja ile nusu sekunde haikuwahi kumletea shida.

Saa nne asubuhi kikosi kikasimama. Watu kumi na tano, mikono kiunoni. Profesa, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu, akaanza. "Winchi, mafuta umeweka? Grisi umepaka?"

"Nimepaka. Nyingine imebaki, leta kichwa chako."

Wakacheka. Winchi akatembea mpaka nyuma ya lori, akamtupia Kiberiti jicho, akamkonyeza. Akageuka. Akainama kidogo, mikono nyuma ya kichwa. Shati lilikuwa limepanda, na kutoka juu Kiberiti aliliona lile kovu, kidoa cha rangi ya nyama juu tu ya mkanda.

Akaliburuta gunia. Ikabidi aigize. Akakunja uso, akaguna, akatanua miguu kama kawaida ya tisini, jasho likamtoka kweli kwa woga, na hilo likasaidia. Gunia likafika ukingoni.

Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba hapo atakohoa, atamumunya neno, litapita.

"Taja," nyapara akasema.

"Tisini," Kiberiti akataja.

Akaliona lile neno linavyoingia. Mapaja yalivimba kwenye suruali, shingo ikazama, mgongo ukajifunga kuanzia chini kwenda juu. Winchi alikuwa ameshaanza kusukuma kwenda juu, kwa nguvu za kilo tisini, na kilichomshukia ni pumba. Akaruka. Yaani akainuka kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Gunia likamdunda mgongoni, likateleza bega la kushoto, na Winchi, ambaye miaka yote ile hajawahi kuangusha gunia, akajipinda kulidaka, kiuno huku, mabega kule.

Sauti ilikuwa ndogo. Kama kijiti kibichi kinavunjwa ndani ya kitambaa.

Akalidaka. Hilo watu walilisimulia baadaye, kwamba alilidaka. Akasimama nalo wima, mdomo wazi. Akapiga hatua ya kwanza kwenye ubao. Akapiga ya pili. Halafu magoti yote mawili yakakunjika kwa pamoja, gunia likaanguka, naye akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

"Shem," akasema, wala hakupiga kelele. "Miguu yangu iko wapi?"

Kiberiti aliruka kutoka kwenye lori. Watu walijaa, huyu anataka maji, yule anasema msimguse, mwingine anasema mnyoosheni. Katikati ya vurugu nyapara akapaza sauti, "Hebu toeni hilo gunia njiani." Profesa akasogea kulishika. Kiberiti akamwahi. Akalikumbatia lile gunia, akaliburuta kuelekea nyuma ya tairi kwa vihatua vifupi, anaguna, mishipa imemtoka shingoni, anajifanya linamshinda. Shemeji yake yuko chini pale, hatua nne, na yeye anaigiza uzito.

Winchi alikataa hospitali. Alisema mgongo umeshtuka tu, alale, kesho utatulia. Wakampeleka nyumbani juu ya mkokoteni wa ghala, amelala chali, anasalimia watu njiani.

Kesho yake asubuhi dada mtu alimpigia simu Kiberiti. Sauti yake haikuwa na machozi, ilikuwa kavu. "Hajakojoa tangu jana. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Na sasa hivi nimemmwagia chai ya moto mapajani, nimeteleza, imemwagika yote hapo katikati. Unajua amesemaje? Amesema, 'Mbona hunipi hiyo chai?'"

Saa tatu walikuwa mbele ya daktari. Daktari alimgeuza Winchi kwa ubavu, akachukua sindano butu, akawa anamgusa makalio, katikati ya mapaja, huku na huku. Aligusa kwa muda mrefu. Winchi akasema, "Anza basi, daktari."

Daktari akaiweka sindano chini.

"Tangu lini?"

"Jana saa nne," mke wake akajibu.

Daktari akaangalia saa ya ukutani, akaiangalia kama amekosana nayo. "Mngekuja jana hiyo hiyo. Diski imetoka yote. Si mshipa mmoja sasa, imebana mishipa yote inayoshuka, ya miguu, ya mkojo, ya choo. Naingia naye sasa hivi, na safari hii si tundu. Nafungua." Akachukua kalamu. "Alinyanyua nini?"

Kiberiti akafungua mdomo. Wallahi aliufungua. Ila Winchi akamtangulia, anaongea huku ameangalia ukuta.

"Tisini. Gunia la mahindi. Niling'ang'ania mwenyewe."

Daktari akaandika. Dada yake Kiberiti akageuka.

"Ulimtwika tisini."

"Dada..."

"Nilikuuliza gunia ni birika ngapi. Ukanyamaza. Ukaniambia hataumia."

Kiberiti akamwangalia Winchi. Winchi hakugeuka. Kusema ukweli pale kungechukua maneno manne: dada, lilikuwa la pumba. Hayakutoka. Akajiambia, tisini ndicho kitu pekee alichobaki nacho shemeji yangu, kwamba gunia zima ndilo lililomshinda, nitamnyang'anyaje. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini ndani, chini ya tumbo, alisikia nafuu, kama mtu aliyeitwa jina halafu kumbe anaitwa mwenzake, na hiyo nafuu alitamani kuitapika.

Operesheni ilichukua saa nyingi. Kovu lilitoka refu kama kalamu mpya, nyuzi kumi na nane. Kikosi kilikuja kumwona wodini, wamevaa mashati safi, na nesi alipomgeuza kubadilisha bandeji wote wakaliona. Profesa alikuwa ameshika kofia yake. "Hii sasa ndiyo operesheni," akasema. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Ndiye aliyetangulia kutoka.

Yule wa getini mwenye mabega kama kabati akaingizwa Jumatatu iliyofuata. Akapangiwa kwa Kiberiti. Akageuza mgongo, mpana, mzima, hauna alama, akangoja.

"Tisini," Kiberiti akasema.

"Sikusikii, kaka. Sema kwa sauti."

Miezi mitatu ikapita. Mguu wa kulia wa Winchi ulirudi nusu, anaweza kuusogeza kitandani. Wa kushoto uligoma, unyayo unaning'inia kama kiatu kilicholowa. Mkojo ulipita kwenye mpira kuingia kwenye mfuko, na mfuko ulifungwa kwenye chaga za kitanda. Daktari alisema huenda, huenda, na kila akisema huenda sauti yake ilipungua. Wote walipungua pale nyumbani. Wali ulipungua, maneno yalipungua. Mwili wa Winchi ulipungua kuliko vyote, yale mapaja yakawa mikono.

Kila Jumapili Kiberiti alikuja kumuogesha. Dada yake alimfungulia mlango, akasogea pembeni apite. Kumsalimia hakumsalimia. Watoto walisema, "Shikamoo mjomba," akajibu, "Marahaba," na hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee aliyopewa na nyumba ile. Alichopata ghalani alikiweka juu ya kabati la vyombo. Dada yake alikichukua akishaondoka, si mbele yake.

Jumapili moja alikuwa anamfuta Winchi mgongo, kitambaa kikapita juu ya lile kovu refu, akakisimamisha hapo.

"Shem. Nina neno."

"Lilikuwa la pumba," Winchi akasema.

Kiberiti akabaki na kitambaa kinachuruzika.

"Ulijua?"

"Shem, mimi nimebeba magunia tangu sijaota ndevu. Unadhani mgongo hautofautishi mahindi na pumba? Nilijua liliponigusa. Nikasema moyoni, huyu mjinga amenifichia pumba. Nikataka kucheka. Ndio hapo likateleza."

"Kwa nini ukasema tisini? Kwa daktari. Kwa dada."

"Kwa sababu wewe ulisema tisini mbele ya watu kumi na tano." Aliongea akiwa ameegemeza shavu kwenye mto, kwa hiyo maneno yalitoka yamebanwa. "Mtwikaji ametaja uongo. Nani atakupa mgongo tena? Na wewe ukisimamishwa, humu ndani wanakula nini? Nilikuwa nimelala pale chini sina miguu, nikakuona unaliburuta lile gunia unaguna. Nikasema basi, aendelee hivyo hivyo."

"Nilitaka usiumie."

"Najua ulitaka nini." Kuku uani walikuwa wanagombana. "Ungesema 'thelathini.' Neno moja. Ningejikaza kithelathini. Wangenizomea, ningepewa ufagio, leo ningekuwa nafagia."

Kiberiti alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alingoja aambiwe kitu kingine, tusi, msamaha, chochote. Hakuambiwa.

"Nimwambie dada?"

"Ukimwambia utapumua wewe. Yeye atapata nini? Sasa hivi anajua nililala kwa sababu ya tisini. Unataka ajue nililala kwa pumba?" Winchi alijaribu kugeuka, akashindwa, akaacha. "Umebeba, endelea kubeba. Hebu nikalishe kwenye kiti. Nataka kuona nje."

Kiti kilikuwa dirishani, hatua mbili. Kiberiti akaufungua mfuko wa mkojo kwenye chaga, akauning'iniza kwenye mkono wa kiti. Akamgeuza shemeji yake, akamketisha, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akakunja magoti kidogo. Nyuma yake akasikia mlango. Dada yake alikuwa amesimama kizingitini na beseni la maji safi, na haikujulikana amesimama pale tangu lini.

"Subiri," Winchi akasema.

"Nini?"

"Taja."

Kiberiti alimwelewa. Zahanati walikuwa wamempima Winchi siku nne nyuma, na Kiberiti ndiye aliyemshikilia kwenye mzani, kwa hiyo alijua. Kabla ya hospitali alikuwa mtu wa kilo tisini na mbili. Ulimi ulitaka kusema sabini. Ulitaka kusema hata themanini, kumpa heshima.

"Hamsini na tisa," akasema.

"Haya."

Kiberiti akajikaza kihamsini na tisa, akanyanyua. Zilikuwa hamsini na tisa kweli.